Je, vyuma vya meno vitaniwezesha kutafuna vizuri?

SWALI: Nina umri wa miaka 26. Meno yangu ya mbele hayakutani hata nikifunga kinywa kwa nguvu, na upande wa kulia magego ya juu yameingia ndani ya yale ya chini. Nimevaa vyuma kwa wiki 6, na sasa natafuna kwa shida kuliko kabla ya kuvivaa. Daktari aliniahidi kwamba nitatafuna vizuri zaidi. Je, ni kweli?

JIBU: Ahadi hiyo ina msingi, lakini wiki 6 ni mapema mno kuipima, na kasoro zako mbili hazitarajiwi kuitikia matibabu kwa namna moja.

Uwezo wa kutafuna hautegemei sana unyoofu wa meno yanayoonekana mtu anapocheka. Unategemea zaidi ukubwa wa eneo ambalo magego ya juu na ya chini hugusana, pamoja na nguvu ya misuli ya taya. Watafiti huupima kwa kumpa mtu karanga au vipande vya silikoni avitafune idadi maalumu ya mara, kwa mfano 20, kisha huchuja kilichotafunwa kwa chekeche zenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Wenye kasoro kubwa za mpangilio wa meno kwa kawaida huacha vipande vikubwa zaidi, ingawa wengi wao hawana habari, kwa sababu wamezoea kutafuna kwa muda mrefu zaidi au kumeza tonge lisilosagika vizuri na kuliachia tumbo kazi iliyobaki. Tumbo lenye afya huimudu kazi hiyo, kwa hiyo siungi mkono desturi ya kumtisha mgonjwa kwamba asipovaa vyuma mmeng'enyo wake utaharibika.

Pengo lako la mbele lina maana mbili: meno ya mbele hayakati chakula, na magego machache ya nyuma ndiyo yanayobeba mzigo wote. Likizibwa, faida yake huonekana wazi, hasa katika kukata. Kasoro ya upande wa kulia ni ngumu zaidi. Mtu anapotafuna upande fulani, taya la chini kwa kawaida hushuka, husogea nje kuelekea upande huo, kisha hurudi katikati meno yanapofunga. Pale ambapo magego ya juu yamekaa ndani ya yale ya chini, mzunguko huo mara nyingi hugeuka, na taya hujifunza njia nyingine. Mtoto anayerekebishwa mapema ana nafasi nzuri ya kuiacha njia hiyo ya mkato, lakini kwa mtu mzima meno yanaweza kukaa sawasawa huku misuli ikiendelea na mazoea yake ya zamani. Aidha, mshono wa mfupa wa kaakaa, yaani mahali nusu zake mbili zinapoungana, ambao kwa mtoto hupanuliwa kwa kifaa bila taabu kubwa, kwa umri wako kwa kawaida umeshakaza. Muulize daktari wako kama kasoro hiyo ni ya meno yaliyoinama tu au ni ya wembamba wa taya la juu, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloonyesha kama vyuma peke yake vitatosha.

Shida unayoipata sasa ina sababu zinazoeleweka. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna utando wa nyuzi wenye unene wa takriban milimita 0.2, nao hubanwa waya unapovuta. Uvimbe unaotokea humo ni sehemu ya kazi yenyewe, maana mfupa huliwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili. Maumivu huanza saa chache baada ya kukazwa, huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki. Wakati huo neva za utando huo huifanya misuli ipunguze nguvu ya kuuma. Zaidi ya hayo, jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo hupoteza mgusano wake wa zamani kabla halijapata mpya. Kula vyakula laini vilivyokatwa vidogo, na urudi kwa daktari ikiwa maumivu yanaendelea zaidi ya wiki au waya unachoma shavu.

Matibabu ya namna hii mara nyingi huchukua miezi 18 hadi 24, wakati mwingine zaidi. Hata siku vyuma vinapotolewa, magego hayajafikia mgusano wake bora. Hushuka na kukutana taratibu katika miezi inayofuata, wakati mgonjwa anavaa kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka. Kifaa cha plastiki angavu kinachofunika meno yote huzuia kukutana huko zaidi kuliko kile cha waya kinachoacha nyuso za magego wazi. Hata hivyo usiache kukivaa kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu pengo la mbele ni miongoni mwa kasoro zinazorudi kwa urahisi, hasa kwa mtu anayesukuma ulimi kati ya meno anapomeza. Kabla vyuma havijatolewa, mwombe daktari akupime kwa karatasi nyembamba ya rangi, akuonyeshe ni magego gani yanayogusana kulia na kushoto, kwani marekebisho madogo ni rahisi zaidi waya ukiwa bado mdomoni.