Chuo kina wakfu wa dola milioni 40 lakini kila mwaka hasara, nimpeleke binti?

SWALI: Kaka habari za kazi. Binti yangu kapata nafasi chuo kimoja binafsi Marekani, kidogo tu, wanafunzi hawafiki 900, na wamempunguzia ada asilimia 60. Wanataka tuthibitishe kabla ya tarehe 1 Mei. Shemeji yangu ananitisha eti vyuo vya aina hiyo vinafungwa kila mwaka. Nimeipata Fomu 990 yao (ile taarifa ya fedha wanayopeleka kila mwaka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani), inaonyesha hasara miaka 3 mfululizo, wa mwisho dola milioni 6, ila wana wakfu wa milioni 40. Mimi sio mtu wa mahesabu. Milioni 40 si zinatosha?

JIBU: Dada hongera kwa binti, na hongera kwako pia maana wazazi wengi wanaishia kwenye picha za kampasi, wewe umefika mpaka Fomu 990. Nianze na hilo la mwisho: hapana, hazitoshi, na huenda hata sio milioni 40.

Wakfu sio akaunti ya benki. Ni hela walizoacha watu tofauti tofauti, mmoja kasema hii ni ya wanafunzi wa uuguzi tu, mwingine kasema mtaji msiuguse mle faida, na sheria inawabana kufuata. Ndo maana chuo kinaweza kuwa na mamilioni kwenye karatasi na kikahangaika na mishahara ya mwezi. Sweet Briar kule Virginia, Machi 2015 uongozi ulitangaza unafunga, na wakati huo wakfu ulikuwa kama dola milioni 84, watu wakauliza mnafungaje na hela mnazo? Sehemu kubwa ilikuwa na masharti. (Wahitimu wake walichanga wakaenda mpaka mahakamani wakakiokoa, kipo mpaka leo, ila usipange miaka minne ya mtoto kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.)

Rudi kwenye ukurasa wa kwanza wa hiyo fomu. Mstari wa 12 ni mapato, wa 18 matumizi, wa 19 ni kilichobaki, na wamekuwekea mwaka uliotangulia pembeni ulinganishe. Mstari wa 19 unadanganya kirahisi sana, tajiri mmoja akifariki akawaachia urithi, au wakiuza hisa za wakfu kwa faida, mwaka huo unang'aa wakati shughuli yenyewe ya kufundisha inakula hasara palepale. Kwa hiyo hasara ya miaka 3 mfululizo inanisumbua kuliko mwaka mmoja mbaya. Halafu ujue unasoma habari za zamani, vyuo vingi vinafunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, fomu inatakiwa Novemba 15, wakiomba kuongezewa muda inasogea mpaka Mei 15 ya mwaka unaofuata, yaani mambo mengi yanakuwa yameshatokea. Na baadhi ya vyuo vya makanisa havilazimiki kuijaza kabisa.

Ndo maana nakwambia waandikie uombe hesabu zilizokaguliwa. Vyuo vingi vinaziweka kwenye websaiti, na chuo kikikataa kumwonyesha mzazi hesabu zilizokaguliwa mimi binafsi nimeshapata jibu langu. Ukizipata usizisome zote utalala. Nenda kwenye maelezo ya nyuma, tafuta lile linaloeleza fedha zinazopatikana kwa matumizi ndani ya miezi 12, siku hizi ni lazima waliweke. Wanaanza na jumla kubwa ya mali za fedha, halafu wanatoa zenye masharti ya wafadhili, wanatoa walizoweka rehani, kinachobaki chini ndo hela halisi ya kuendeshea chuo. Usichanganye na mstari wa mali zisizo na masharti ulio kwenye mizania, mule ndani kuna majengo, na bweni huwezi kulikata vipande ukawalipa walimu.

Tupige hesabu kwa mfano, namba za katikati nazitunga mimi, wewe utaweka zako. Tuseme katika zile milioni 40, milioni 31 zina masharti, zimebaki 9. Hasara ni milioni 6, ila ndani yake kuna uchakavu wa majengo, tuseme milioni 2, hiyo ni namba ya kihasibu tu hakuna hela iliyotoka mfukoni, kwa hiyo damu inayovuja ni kama milioni 4 kwa mwaka (kuhakikisha angalia taarifa ya mtiririko wa fedha, pale kwenye fedha za shughuli za uendeshaji, kama ni hasi miaka yote hao wanavuja kweli). Milioni 9 gawa kwa 4, miaka 2 na kidogo. Binti yako anahitaji 4. Na hapo bado hujaweka madeni, maana mkopo wa hatifungani mara nyingi una sharti kwamba akiba isishuke chini ya kiwango fulani, ikishuka mdai anaweza kudai chake mapema. Mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo kabla ada haijaingia sio wa kukutisha, ni kawaida, shida ni ukiona ule mkopo mwisho wa mwaka wa fedha bado uko palepale na mwaka unaofuata umekua. Na ukikutana na sentensi ya mkaguzi kwamba ana mashaka makubwa kama taasisi itaweza kuendelea na shughuli zake, funga faili tafuta chuo kingine. Nimefanya ukaguzi miaka mingi, hiyo sentensi haiandikwi kwa utani, kabla haijaandikwa huwa kuna vikao vya kutoleana macho.

Sasa hiyo asilimia 60. Najua imekufurahisha, ila usiione kama upendo. Kwa wastani vyuo binafsi vya Marekani visivyo vya faida vinawapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa, kwa hiyo 60 sio ajabu, ni bei ya sokoni. Cha kuangalia ni kama ada halisi inayoingia inapanda au inashuka. Wakipunguza bei na wanafunzi wakaongezeka sawa, wakipunguza bei na wanafunzi bado wanapungua, hapo ndo pana ugonjwa. Ingia College Navigator ya serikali yao, bure, uone wako wangapi na wangapi wa mwaka wa kwanza wanarudi mwaka wa pili, halafu ulinganishe na ripoti zao za miaka ya nyuma. Na kibao hakigeuki leo wala kesho, vizazi Marekani vilifika kilele 2007, kama milioni 4.3, vikaanza kushuka, na wale wa 2007 walitimiza miaka 18 mwaka 2025. Vyuo vidogo vyote vinagombania watoto wanaozidi kupungua.

Kuna kipimo kingine cha haraka, wizara yao ya elimu inavipa vyuo binafsi alama kuanzia hasi 1 mpaka 3, kuanzia 1.5 amefaulu, chini ya 1 ameanguka. Pia ina orodha ya vyuo ambavyo hela za misaada ya wanafunzi vinapewa kwa uangalizi mkali. Kuwa kwenye orodha sio lazima chuo kinakufa, vingine vimechelewesha hesabu tu, ila waulize sababu. Alama nayo inachelewa, usiitegemee peke yake.

Shemeji yako hajakosea kabisa. Mount Ida, Massachusetts, walitangaza Aprili 2018, mwezi uliofuata kwisha. University of the Arts, Philadelphia, walitangaza tarehe 31 Mei 2024 na tarehe 7 Juni wakafunga, wiki moja. Mmarekani mwenye mkopo wa serikali chuo kikimfia anaweza kusamehewa deni, binti yako kwa viza ya mwanafunzi hana mkopo huo, hela yako imeenda, na bado atakimbizana kupata chuo kingine kitakachompa I-20 (hati ya chuo inayobeba viza yake) na kukubali krediti zake, yaani masomo aliyokwisha kufaulu.

Ningekuwa wewe ningewaandikia leo maswali manne: hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, skolashipu imeandikwa kwa miaka minne au mwaka mmoja mmoja, taasisi ya ithibati imewapa onyo lolote, na kuna makubaliano ya maandishi na chuo kipi kupokea wanafunzi ikitokea wamefunga. Chuo cha pili alichokubaliwa usikijibu hapana kwanza. Wakikujibu nitumie ule ukurasa wa fedha zinazopatikana, tutapiga hesabu pamoja.