Rozela motoni, waridi nje ya moto

Kinachoharibu vitamutamu vingi vya maua ni kuyafanya maua yote kama majani ya chai: yanatiwa sufuriani, yanachemshwa, basi. Rozela inastahimili moto. Waridi na asmini hazistahimili. Harufu yake hupanda na mvuke, na ukiisikia imejaa jikoni ujue sufuriani haimo tena.

Rozela, ambayo wengine huiita choya, inapatikana kirahisi, ila ndiyo inayokosewa zaidi. Ile kavu ya sokoni si petali bali ni vile vikoba vyekundu vinavyolishika tunda, na mara nyingi huwa na mchanga. Isuuze haraka bila kuiloweka, maana rangi huanza kutoka papo hapo. Kwa kikombe kimoja cha rozela kavu tia maji vikombe 3, chemsha dakika 5, epua, funika dakika 15, kisha chuja kwa kitambaa. Tumia sufuria ya stili au ya bati lililopakwa rangi ya kauri. Uchachu wa rozela hula alumini, ladha ikawa ya chuma na wekundu ukafifia.

Kitamutamu kinachoitendea haki ni faluda ya kugandisha kwa chaina grasi, yaani agari, kigandishi kinachotokana na mwani. Chukua vikombe 2 vya maji hayo yangali moto, koroga humo nusu kikombe cha sukari, weka kando. Kwenye sufuria nyingine tia kikombe kimoja cha maji baridi na vijiko 2 vya chai, vya kusawazisha, vya chaina grasi ya unga. Koroga kwanza, ndipo uwashe moto. Unga ukikutana na maji ya moto hufanya madonge. Chemsha dakika 2 au 3 mpaka maji yang'ae na chembe zisionekane kijikoni, halafu mimina kwenye rozela.

Wengi huona ni kujisumbua kutumia sufuria mbili, wakachemsha vyote pamoja. Hapo ndipo faluda inapokataa kuganda, au inaganda na kuvuja maji, kwa sababu uchachu pamoja na moto huvunja nguvu ya chaina grasi. Na rozela isiwe imepoa: chaina grasi huanza kushika ikishuka kwenye nyuzijoto 40 hivi, kwa hiyo ikiangukia kwenye maji baridi hukatika nyuzinyuzi kama tambi. Huhitaji friji ili igande. Mezani inatosha, friji ni ya kuipoza tu.

Ukitaka tabaka la pili jeupe, chemsha vikombe 2 vya maziwa na robo kikombe cha sukari na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chaina grasi. Maziwa hayana uchachu huo, hivyo hapa sufuria moja yatosha. Gusa tabaka jekundu kwa kidole: likiwa limeshika ila bado linanata, ndio wakati wake. Likishapoa na kukauka juu, matabaka yatateleza na kuachana unapokata. Likiwa bado majimaji, rozela itayakata maziwa na rangi itakuwa ya zambarau yenye kijivu. Kijivu hichohicho ndicho kinachotokea rozela ikitiwa kwenye keki yenye magadi, kwa kuwa wekundu wake unategemea uchachu na magadi huuondoa.

Tabaka hilo la maziwa ndipo waridi linapoingia, lakini baada ya kuepua: kijiko kimoja cha chai cha maji ya waridi, onja, kisha uamue kama unaongeza. Likizidi, faluda hunuka sabuni na hakuna cha kuirekebisha. Soma chupa kabla ya kununua. Marashi ya kunyunyizia wageni kwenye mrashi si lazima yawe ya kula, na mengine ni manukato matupu. Maji ya waridi ya Jabal Akhdar, Oman, yanayokenekwa (yaani kutolewa kwa kukusanya mvuke wa maua) kwa njia ya zamani, yana rangi ya kahawia na moshi ndani yake. Anza na nusu ya kipimo. Kwa halua na kaimati moshi huo unapendeza. Kwenye maziwa tunaona unatawala mno.

Shira ya kaimati inafuata kanuni ileile: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, matone machache ya ndimu ili sukari isirudi chembechembe. Ikianza kuchemka usiikoroge tena. Baada ya dakika kama 10 ijaribu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikivuta uzi, epua, ndipo utie kijiko kimoja au viwili vya chai vya maji ya waridi.

Mkiwa na waridi mbichi la nyumbani lisilopigwa dawa, kateni ile ncha nyeupe chini ya kila petali. Uchungu uko hapo. Yale ya maduka ya maua yaacheni kwenye chombo, kwani hupuliziwa dawa zisizokusudiwa chakula. Na oleanda, ule mti wa uani wenye majani membamba na maua ya rangi ya waridi, ni sumu yote, hata kwa kupambia sahani tu.

Asmini haitaki moto kabisa. Chuma jioni matumba yanayokaribia kufunguka, kwani hufunguka usiku na ndipo hunukia. Maua ya kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, hayafai, huwa yameshachanganywa na vitu vingine vya kunukia. Chukua maua kama 30, ondoa vikonyo vya kijani, yatie kwenye nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi chuja, tia sukari, yanywe baridi au yamwagie juu ya tambi zilizopoa. Yakikaa mpaka mchana petali hugeuka kahawia na maziwa hushika uchungu wa majani; hapo sukari haisaidii.