Kuhusu mkweo na sahani anayoisukuma

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama umlazimishe mkweo kula, maana tangu aanze kemo, zile dawa za saratani, anasukuma sahani, na mumeo anasema unamdekeza. Mimi nauliza: nani anapika, na anapika nini?

Shangazi yako unamkumbuka alivyokuja kuniuguza nilipokuwa kwenye kemo mimi. Supu ya kuku, kitunguu saumu, moto kwelikweli. Harufu ilinifikia chumbani, nikatapika kabla bakuli halijaletwa. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akaenda zake. Krismasi ile ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba chakula chake nimekiona sumu. Alikuja kwa moyo mweupe, hilo silikatai. Lakini mwenye moyo mweupe si angeuliza kwanza? Haya, labda nami ningekuwa mpole zaidi. Ila mtu anatapikaje kwa upole?

Mgonjwa aulizwe. Baba yako amechoka kunisikia nikilisema hili, wakati ni yeye aliyelifanya. Mtu asiyejua sufuria zinakaa wapi! Aliuliza, akapika uji mwepesi wa ulezi, akauacha upoe kabisa, maana kilichopoa hakinuki sana. Akanipa kijiko cha plastiki, kwa kuwa cha chuma kilinijaza ladha ya kutu mdomoni. Nikala kidogo, nikamrudishia kikombe. Hakusema "jikaze". Baadaye akakileta tena.

Vidonge vya kichefuchefu amwulize daktari avimeze saa ngapi, asingoje mpaka tumbo lichafuke. Akiwa na vidonda mdomoni, asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na pilipili na ndimu vikae mbali. Kama anawekewa ile dripu nyekundu, mkojo nao unaweza kutoka mwekundu siku ile au kesho yake; mwambie mapema, mimi nilidhani natoka damu.

Kuhusu mumeo, sisemi kitu. Ni mama yake, na nyumba ni yenu. Nauliza tu kama sufuria anajua zilipo.

Homa ndiyo usiifanyie mzaha. Nunua kipimajoto. Ikifika 38, hata usiku wa manane, mpeleke hospitali na useme mlangoni kabisa kwamba yuko kwenye kemo, maana dawa hizo hushusha chembe nyeupe za damu na maambukizi hayasubiri. Watu watakwambia ni malaria, mpe panadol alale. Usikubali.

Mama yako