Kabla hujapiga picha na kalamu

Juzi dogo mmoja kanitumia picha WhatsApp: suti ya kuazima, kalamu mkononi, meneja pembeni meno yote nje. "Braza, nimesainiwa na lebo ya muziki!" Nikamuuliza mkataba wa miaka mingapi. Akajibu kwa emoji ya moto. Masta, yaani rekodi zenyewe, za nani? "Za studio si ndiyo?" Nikaizima simu nikaenda kunywa chai. Huyu ni wa nne mwaka huu, na hawa watoto nawapenda mpaka wananipandisha presha.

Haya, tuanze. Nitajitahidi nisitukane.

1. Lebo haikupi, inakukopesha. Video, nguo, promo, kodi ya nyumba, mafuta ya gari unalopigia selfi: vyote vinaandikwa, na vinakatwa kwenye fungu lako kabla hujaiona hata mia.

2. Soma mkataba. Najua, mmeshachoka kuambiwa. Ngoja niwaambie mimi nilivyousoma wa kwangu.

Nilikuwa na miaka 22, nakaa Temeke kwa mama mkubwa, na nina ngoma moja inayopigwa kwenye daladala za Mbagala asubuhi na jioni. Nikaitwa ofisini, kiyoyozi kama jokofu la buchani. Wakaniwekea karatasi 14, Kiingereza kitupu. Kiingereza changu mimi ni cha kwenye kiitikio. Badala ya kusema sijaelewa, nikawa nafunua ukurasa mmoja mmoja taratibu, nikifika katikati natikisa kichwa kama hakimu. Kuna ukurasa niliurudia kabisa, ili waone dogo yuko makini. Mjomba wangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na mara mbili alishaniambia nimpelekee. Nikaona aibu aje na kile kimkoba chake cha rexini mbele ya watu wenye viatu vinavyong'aa. Nikasaini kila ukurasa. Tena mimi ndiye niliyeomba tupige picha.

Ngoma ya pili ikaenda. Ya tatu ikalala, na hapo ndipo nilipojua niko kwa nani. Sauti yangu ilikuwa inakatika nikipanda juu, na kila aliyekuwa studio alisikia. Mwalimu wa sauti wa miezi mitatu angeinyoosha. Nikaomba. Nikaambiwa prodyuza ataweka Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, na wiki hiyohiyo hela ikapatikana ya kulipia kiki: mimi na mrembo wa kwenye video, eti tumeachana, wakati ndiyo kwanza tumetambulishwa asubuhi. Mama mkubwa alilia kweli, akidhani nimeacha mchumba hata hajaletwa nyumbani.

Kiki haikuuza ngoma. Wakasaini dogo mwingine, mimi nikawekwa benchi miezi 26. Kutoa ngoma, marufuku. Kolabo, marufuku. Hata harusi ya binamu yangu niliimba kwa barua ya ruhusa. Ndipo nikambebea mjomba zile karatasi. Akavaa miwani, akasoma jioni nzima: miaka kumi, asilimia 70 ya kila kitu yao, shoo zikiwamo, masta zao, chaneli ya YouTube yao, na jina la kisanii, lile alilonipa bibi nikiwa na miaka mitatu, nalo lao. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ukurasa wa tisa nao ulitia sahihi?" Nilitamani anipige.

Nilipodai hesabu nikakuta nadaiwa milioni 38. Humo imo keki ya besidei yangu, ile waliyoniimbia wakasema sasa sisi ni familia. Nilikula kipande kimoja.

3. Sajili ngoma COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaitembeza. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999.

4. Spliti na prodyuza, yaani nani anachukua asilimia ngapi, andikeni siku ya kurekodi, hata kwa meseji.

5. Kabla ya mlango wa kuingilia, ulizia wa kutokea. Harmonize alipotoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 na kwamba ameuza nyumba. Nyie mlibishana vijiweni kama ni kiki. Hakuna aliyeuliza kifungu chake mwenyewe kinasemaje.

6. Na msidhani zamani ilikuwa pepo. Enzi za kanda, mdosi wa Kariakoo alikupa hela ya mkupuo, baada ya hapo kopi anazihesabu yeye. Kwenye bendi vyombo havikuwa vyako. Lakini kijana alikaa nyuma akiitikia, wazee wakimrekebisha pumzi na matamshi, mpaka siku anaachiwa maiki. Juzijuzi tu THT, ile nyumba ya kukuza vipaji, ilikuwa inawanoa kwanza. Wasikilizeni Barnaba na Mwasiti wakiimba na vyombo. Lebo nyingi za sasa zinakutaka umeshaiva, na wafuasi juu, ngoma moja ikigoma unabadilishwa kama balbu. Kwa hiyo ukikaa na meneja, kabla ya gari na nyumba ya Mbezi, muulize nani atakufundisha kuimba. Mtazame usoni anapojibu.

Dogo wangu wa suti kanitafuta tena usiku. Nilimwambia alete mkataba wote. Katuma picha ya ukurasa mmoja, imefifia, na kidole gumba kimeziba asilimia.