Waziri mkuu "mstaafu" aliyetolewa kwa nguvu

Msomaji mmoja ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Naandika makala kuhusu serikali za Lithuania kati ya vita kuu mbili za dunia. Nimeandika 'Waziri Mkuu mstaafu Voldemaras', mhariri wangu kakata, kaweka 'wa zamani'. Nani yuko sahihi? Halafu niseme kabineti au baraza la mawaziri?"

Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho maana halina ugomvi. Sema baraza la mawaziri. Kabineti nayo watu wanaisema na wanaelewana, lakini baraza tunalo tangu enzi za mababu, watu wanakaa pale nje ya nyumba wanasemezana mambo yao, na mawaziri kazi yao ni hiyohiyo. Ukitaka kuyahesabu andika Baraza la 14, Baraza la 15, kama Walithuania wenyewe wanavyohesabu, kuanzia lile la kwanza la Novemba 1918 mpaka la 21 la Antanas Merkys lililoanguka Juni 1940. Mabaraza 21 kwa miaka isiyofika 22. Na wakiwa wengi ni mawaziri wakuu, sio "waziri wakuu" kama ninavyoona kila siku. Hilo limepita.

Sasa "mstaafu". Hapa naomba univumilie maana neno hili limenikaa kooni miaka mingi na wewe umenipa sababu ya kulitoa.

Mstaafu namjua, nimekaa naye nyumba moja. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, umri ulipofika akapata barua yenye tarehe, wenzake wakachanga wakamuaga kwa pilau na soda na saa ya ukutani, kiinua mgongo kikaja baadaye akaezekea nyumba ile ambayo mama yuko mpaka leo. Asubuhi ya kwanza baada ya kuagwa aliamka saa kumi na moja kama kawaida yake, akavaa shati, akakaa kibarazani na shati lake maana hapakuwa na pa kwenda. Huyo ndiye mstaafu. Mtu aliyefika mwisho wa kazi yake, akaachiwa kwa heshima, akapumzika.

Sasa niambie Augustinas Voldemaras aliachiwa lini kwa heshima, na alipumzika wapi?

Tumfuate kidogo maana mfano huu ni mzuri mno kuuacha. Ndiye waziri mkuu wa kwanza kabisa wa Lithuania, 11 Novemba 1918. Mwezi uliofuata Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, wanausogelea mji mkuu Vilnius, yeye na Antanas Smetona, ambaye baadaye atakuwa rais, wakaenda Ujerumani kutafuta msaada, huku nyuma tarehe 26 Desemba Mykolas Sleževičius akaunda serikali nyingine. Je, alistaafu? Hapana, akaendelea kuwa waziri wa mambo ya nje mpaka 1920, akaongoza ujumbe wa nchi yake kwenye mkutano wa amani kule Paris. Alipotoka serikalini akafundisha chuo kikuu Kaunas, mji uliokuwa makao makuu ya muda kwa sababu Vilnius ilikuwa imeangukia mikononi mwa Poland. Usiku wa 17 Desemba 1926 wanajeshi wakapindua serikali, na nani akarudi kwenye kiti cha waziri mkuu? Huyohuyo. Kwa hiyo mwaka 1925 ungemwita "mstaafu", mwaka 1926 mstaafu wako yuko ofisini anasaini barua.

Tuendelee. Tarehe 6 Mei 1929 anakwenda kutazama tamthilia pale Kaunas na mkewe, watu wakamshambulia kwa risasi, msaidizi wake wa kijeshi akafa, yeye akapona. Septemba mwaka uleule mawaziri wenzake wakajiuzulu ili yeye abaki peke yake, Rais Smetona akamkabidhi Juozas Tūbelis kazi ya kuunda serikali mpya. Tūbelis na Smetona walikuwa wameoa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kiti kilikwenda kwa mwanyumba wa rais. Voldemaras ana miaka 46. Miaka 46 jamani, baba yangu katika umri huo alikuwa bado anaomba uhamisho! Kisha wakamtoa mji mkuu wakampeleka kukaa huko mikoani chini ya uangalizi, kwanza Plateliai halafu Zarasai. Juni 1934 maofisa waliokuwa upande wake wakajaribu kumrudisha madarakani kwa nguvu, wakamleta Kaunas, mpango ukavunjika, akahukumiwa miaka 12 jela. Wakamsamehe 1938 akaenda Ufaransa, Juni 1940 akarudi kwao wakati jeshi la Kisovieti limeshaingia, wakamkamata, na mwaka 1942 akafia gerezani Moscow.

Soma tena maisha hayo uniambie ni wapi pa kubandika neno mstaafu. Hakuna barua, hakuna kuagwa wala kiinua mgongo. Hata siku moja ya kukaa kibarazani kwa hiari yake siioni. Kuna kutolewa, kuhamishwa, kufungwa na kufa. Ukimwita mstaafu umefuta yote hayo kwa neno moja la upole, na msomaji wako anayekutana na jina hili mara ya kwanza ataondoka anadhani alikuwa mzee fulani aliyemaliza muda wake vizuri. Ndiyo maana naumia. Neno halijakosea sarufi hata kidogo, limesema uongo tu.

Asili yake nikupe haraka. Staafu limetoka Kiarabu, kwenye kuomba kuachiwa, kuomba radhi ya kutoendelea, ni jamaa wa karibu na lile afu tunalosema tukimaanisha msamaha. Uzulu nalo ni la Kiarabu, maana yake kumwondoa mtu kwenye cheo. Kwa hiyo kuuzulu ni kumwondoa mwingine, kuuzuliwa ni kuondolewa, na kujiuzulu ni kujiondoa mwenyewe. Hiyo -ji- ndogo pale katikati ina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Maana hapo ndipo kosa la pili linapoingia, na nakuomba uliangalie kwenye makala yako kabla mhariri hajaliona. Ule usiku wa mapinduzi 1926 waziri mkuu alikuwa Sleževičius, serikali yake ya tatu hiyo. Rais alikuwa Kazys Grinius, daktari, na tarehe 17 Desemba ndiyo siku aliyokuwa anatimiza miaka 60. Wanajeshi wameshika mji, wameingia bungeni, rais amewekewa ulinzi nyumbani kwake, baraza la mawaziri linaleta barua ya kujiuzulu, Grinius anaikubali na kumteua Voldemaras, na siku mbili hazijaisha na yeye Grinius naye ameachia ngazi. Kwenye makaratasi ni kweli "walijiuzulu". Lakini mtu aliyezungukwa na bunduki hiyo -ji- kaitoa wapi? Andika walilazimishwa kujiuzulu, au waliondolewa madarakani, au kwa kifupi walipinduliwa. Barua yao itaje kama unataka kuonyesha namna mapinduzi yalivyovalishwa nguo za sheria, ila usiiache peke yake ndani ya sentensi kana kwamba walikaa wakaamua.

Tūbelis ni tofauti kidogo. Huyo alikaa kuanzia 1929 mpaka Machi 1938, muda mrefu kuliko waziri mkuu mwingine yeyote wa zama zile, akaondoka baada ya Poland kuipa Lithuania masharti na saa za kujibu. Yeye unaweza kuandika alijiuzulu bila wasiwasi. Mstaafu bado hapana, maana akawekwa kuongoza benki kuu, na Septemba 1939 akafariki.

Na yupo Ernestas Galvanauskas, mhandisi, aliyeongoza serikali kuanzia 1919 hadi 1920 na tena 1922 hadi 1924. Ukimwita mstaafu kuanzia 1924 utakwama ukifika 1939 maana kwenye baraza la Merkys ndiye waziri wa fedha. Baada ya vita huyu alifika mpaka Madagaska, akafundisha kule, halafu ndio akafia Ufaransa mwaka 1967. Mtu anafanya kazi ugenini uzeeni, sisi tunamwandika mstaafu.

Najua utaniambia, mwalimu, mbona redioni na magazetini kwetu kila aliyewahi kuwa waziri mkuu ni "mstaafu"? Najua. Hapo nimeshachoka kugombana. Kwetu limekuwa neno la heshima, kiongozi yuko hai, ana mafao yake ya uzeeni, ukimwita "wa zamani" anasikia kama kikombe kilichopasuka, ukimwita "aliyekuwa" watu wanauliza amefariki lini? Haya, aitwe mstaafu, hasa kama kweli alimaliza muda wake akaenda shambani kwake kufuga. Hata aliyejiuzulu kwa kashfa naona anapewa, na mimi namezea. Lakini heshima hiyo ni ya sisi na wazee wetu tunaokutana nao misibani na harusini, usiisafirishe mpaka Kaunas ukamvisha mtu aliyekufa kifungoni.

Sasa hukumu. Mhariri wako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe, ila naye hajafika. "Waziri mkuu wa zamani" kwenye makala ya historia inachanganya, maana wote hao ni wa zamani, hata Merkys siku aliyokuwa ofisini ni wa zamani kwetu. Shika "aliyekuwa", na uipe tarehe ili isining'inie. Kwenye sehemu ya jaribio la 1934 andika: "Maofisa walitaka kumrudisha Augustinas Voldemaras, aliyekuwa waziri mkuu mpaka alipoondolewa Septemba 1929." Ni ndefu kuliko ulivyoandika, najua mhariri atataka kukata. Akikata tarehe mwachie, akigusa "alipoondolewa" mkatalie.