Ukitafuta paterni za UI kwenye kodi, usiishie kwenye majina ya klasi za CSS

Ukikabidhiwa webu-app ya watu, kodi ipo ila maelezo hakuna na walioijenga washaondoka, mimi kabla sijagusa laini hata moja natafuta kwanza paterni za muonekano zilizomo. Vichupo (tabs) viko wapi, madirisha ibukizi (modal) yapo wapi, orodha ndefu zimegawanywa kurasa au mtu anaskroli tu bila mwisho. Mara nyingi unakuta kitu kilekile kimejengwa kwa staili tatu nne kwenye mradi mmoja, na hapo ndo bugi zinapojificha.

Wengi wanaanza kwa kusachi majina ya klasi. Kama mradi ni wa Bootstrap (maktaba ya CSS yenye vipande vya UI vilivyo tayari) sawa, utaokota modal, carousel, breadcrumb na pagination fasta, ila angalia na toleo, maana Bootstrap 4 inatumia atributi ya data-toggle na ya 5 iliyotoka 2021 ikabadilisha kuwa data-bs-toggle, sasa mradi uliohamishwa nusunusu una zote mbili. Ukija kwenye Tailwind, maktaba ya CSS ya klasi ndogondogo za muonekano, hiyo njia inakufa, klasi zinasema flex, p-4, rounded, yaani unaambiwa kitu kinafananaje, huambiwi ni nini.

Kwa hiyo tafuta tabia. Kuna hali inayobadilika, kuna tukio linaloibadilisha, na kuna kitu kinachoonekana au kufichwa kwa sababu ya hiyo hali. Vichupo kwa mfano: variabo moja inashika kipi kimechaguliwa, onClick kadhaa zinaiandika upya, na paneli moja tu inaonyeshwa kulingana nayo. Hata kama vyote ni div tupu, hivyo ni vichupo. Dirisha ibukizi lina true au false yake, mara nyingi kuna kodi inayosikiliza kitufe cha Escape, na body inawekewa overflow: hidden ili ukurasa wa nyuma usiskroli, kwenye React (maktaba ya JavaScript ya kujenga UI) utaona na createPortal, inayochora dirisha sehemu nyingine ya ukurasa.

Hapa kuwa makini. Kuskroli bila mwisho siku hizi kunatumia sana IntersectionObserver (kifaa cha brauza kinachokuambia kitu kimeingia kwenye skrini), lakini hiyohiyo inatumika kuchelewesha picha zisipakuliwe mpaka zikaribie kuonekana, kwa hiyo ukiiona usihesabu haraka, ingia ndani ya ile fankshen uone kama inaomba data ya ukurasa unaofuata na kuiongeza mwisho wa orodha. Ushahidi mmoja mimi siukubali, nataka angalau miwili inayokubaliana.

Zana? grep (amri ya kusachi maandishi kwenye mafaili) ni ya kuanzia tu, atributi za JSX, ile kodi kama HTML ndani ya JavaScript, zinakatika laini na majina yanatoka kwenye variabo. Tumia paza (programu ya kuchambua kodi) ya Babel au ya TypeScript ikupe mti wa sintaksia, yaani muundo wa kodi, au ast-grep kama hutaki kuandika programu nzima, pale unaandika kipande cha kodi chenyewe kama kiolezo. Alafu fungua app kwenye brauza ubonyeze, maana kichupo kinaweza kuwa faili moja na paneli yake faili jingine kabisa, kwenye kodi huoni uhusiano ila kwenye DOM, ule mti wa vipande vya ukurasa ndani ya brauza, wanakaa pamoja.

Rejea yangu kubwa ni mwongozo wa ARIA (atributi zinazoiambia programu ya kusoma skrini kitu ni nini) wa W3C, shirika la viwango vya webu, kila paterni imeelezwa na role zake, yaani aina ya kitu, na vitufe vya kibodi vinavyotakiwa: tablist, tab na tabpanel, aria-expanded, aria-modal. Ukikuta tabia ipo na role hazipo, andika faili na laini, hiyo ni kasoro ya kweli, kuna mtu asiyeona anatumia programu ya kumsomea skrini na haambiwi kwamba pale kuna vichupo. Inaniuma sana hii na haichukui muda kurekebisha.

Listi ya paterni ulizozikuta ikikamilika anza na madirisha ibukizi: fungua moja, bonyeza Tab mfululizo, na kama fokasi (mahali kibodi inapofanyia kazi) inatoroka kwenda ukurasa wa nyuma wakati dirisha bado liko wazi, rekebisha hilo kwanza.