Mzee akiondoka: kwa mnaoanza kazi kwenye maduka ya jumla Kigoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye maduka ya jumla hapa Mwanga, Ujiji na kule Kibirizi, wengi wenu mmeajiriwa na mzee mwenyewe, yaani mwenye duka. Ndiye aliyekuuliza kwenu ni wapi, ndiye anayekupa mshahara mkononi. Siku akiondoka duniani, duka litafungwa siku chache kisha litafunguliwa tena, mzani uleule, makuli walewale, na mtadhani mambo ni yaleyale. Siyo. Nimekaa stoo kwenye duka lililopita njia hiyo, na nawaandikia ili isiwakute mikono mitupu.

Ulizeni mapema biashara imesajiliwaje. Kama ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kinachoingia kwenye mirathi ni hisa za marehemu. Kampuni yenyewe iko hai. Kama ni jina la biashara tu, basi leseni, TIN (namba ya mlipakodi), mashine ya EFD ya kutolea risiti na akaunti ya benki vyote ni vya mzee. Benki ikipata taarifa inazuia akaunti mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Hata lipa namba iliyobandikwa kaunta ni yake. Wateja wataendelea kulipa kwa mazoea, na pesa itaingia kwenye laini ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Hapo atatokea kijana wa nyumbani anayejua namba ya siri. Akikutuma ukatoe hela, kataa kwa adabu. Siku ukoo ukikaa kikao, atakayeulizwa mauzo ya wiki ya msiba yako wapi ni aliyekuwa kaunta.

Hayo ya makaratasi yana mahakama ya kuyanyoosha. Kisichonyooshwa na mahakama ni mali kauli, yaani mzigo unaotolewa kwa neno tu, pesa baadaye. Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Muuzaji wa Dar anampakilia mzee mzigo kwa sababu anaijua sauti yake kwenye simu, na mzee anamkopesha mfanyabiashara wa Kalemie au Uvira, kule Kongo ng'ambo ya ziwa, kwa sababu anamjua tangu ujana. Warithi wanarithi katoni zilizoko stoo. Ile imani hawairithi. Inabidi waitafute upya, mteja mmoja mmoja.

Makaburini hutangazwa kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye amwone fulani. Nilichokiona mimi ni kwamba wanaodai hufika kabla matanga hayajaanuliwa, na wanaodaiwa huanza kuonekana arobaini ikishapita, wengine wasionekane kabisa. Kwetu alikuja mama mmoja wa Uvira, msiba umeshapoa. Akaketi kwenye gunia la chumvi karibu na mzani, akamuulizia mzee. Tulipomweleza alijifunika kitenge usoni, akalia. Ndipo akasema alimwachia mzee fedha za katoni 40 za sabuni, na risiti hana. Kaka mkubwa akamwona tapeli. Karani akafungua daftari la kaunta, ukurasa wa nyuma ambako mzee alikuwa akiandika namba za simu, na pembeni pakawa na "40 sab. Uv" kwa kalamu nyekundu, bila jina wala tarehe. Ikabidi mjane aitwe. Mjane hakufikiri mara mbili: "Huyu ndiye. Mzee aliniambia mzigo wake usiguswe mpaka arudi." Sabuni ikatoka siku ileile. Yule mama ananunua kwetu hadi leo, na amewaleta wenzake.

Kwa hiyo msikimbilie kwa watoto wa kiume tu. Mambo mengi ya duka mzee huyasemea nyumbani usiku, na anayeyasikia ni mkewe. Mzee akiwa bado yupo, jioni mkifunga hesabu, mwandikieni yale anayoyaweka kichwani. Huwezi kumwambia "ukifa itakuwaje", huo ni utovu wa adabu. Mwambie: "Mzee, ukisafiri kwenda Dar, hawa wateja wako niwahudumie vipi?" Atakutajia wote, mmoja baada ya mwingine, nawe una kalamu.

Mambo haya hayaishii kwenye maduka ya mtaani. Kenya kulikuwa na ndugu wawili waliotokea Rongai, Nakuru, kila mmoja na maduka yake makubwa ya supamaketi. Joram Kamau ndiye mwanzilishi wa Tuskys. Alifariki 2002, watoto wake wakavutana miaka mingi hadi mahakamani, na kufikia 2021 sehemu kubwa ya matawi ilikuwa imefungwa huku wauzaji wakidai fedha zao. Ndugu yake, Peter Mukuha Kago, aliasisi Naivas akafariki 2010. Familia hiyo nayo ilifikishana mahakamani, lakini duka liliendelea kulipa na kufungua matawi, na baadaye wakaingiza wawekezaji wa nje. Ukoo ni mmoja, ugomvi ulikuwepo pande zote. Naona tofauti ni kama ugomvi uliachwa sebuleni au uliingia kaunta. Sam Walton, mwanzilishi wa maduka makubwa ya Walmart kule Marekani, aliwahi zaidi: alimkabidhi David Glass uendeshaji 1988, akafariki 1992. Wafanyakazi walikuwa wameshazoea sahihi nyingine kwa miaka minne.

Wakuu wapya watabadilisha mambo, na mengine yanahitaji kubadilishwa. Kijana wa mzee wetu alianzisha kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi, nami namuunga mkono, kwa sababu baba yake alikisia kwa macho na mizigo ilikuwa ikipotea. Ila mwaka ule wa kwanza Idi ilifika bila mchele na mafuta ya wafanyakazi. Hakuna aliyetunyima, hakuna aliyejua kwamba mzee alikuwa akitoa. Stoo ikajaa manung'uniko wiki nzima, mpaka karani alipokwenda kumweleza kijana, na vikatolewa. Semeni. Na wanafamilia wakigawanyika, msibebe maneno ya dada kumpelekea kaka.

Angalieni na vyenu. Mkataba uwe wa maandishi, na mhakikishe michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaingia kweli, jumla asilimia 20 ya mshahara, sehemu ya mwajiri ikiwa ndani yake. Halafu kuna ile ahadi ambayo vijana wengi wa dukani wanaishi nayo: "Nifanyie kazi, mwanangu, nitakufungulia kaduka kako." Wazee wengi huitimiza. Mwombe aiseme mbele ya mkewe na karani, iandikwe kiasi na tarehe, aweke sahihi. Kama mzee ameshafariki na bado unadai, hata kama ni mshahara wa mwezi mmoja, mpelekee msimamizi wa mirathi dai lako kwa maandishi, ubaki na nakala, tena mapema, maana madeni ya marehemu hulipwa kwanza ndipo warithi wagawane.